Ijumaa Saa Nane, Redio Ikiwa Juu

Juzi Jumamosi nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi, simu ikalia. Kijana mwenye lafudhi ya bara alijitambulisha kwamba anafanya utafiti wa redio. "Madam, jana kati ya saa nane na saa kumi mchana, kwako mlikuwa mnasikiliza stesheni gani?" Nikamwambia sina redio. Akauliza pengine ya simu, pengine ya jirani. Nikamjibu, mwanangu, hakuna. Akanishukuru akakata. Mimi nikabaki na kifuu mkononi, na nazi nisiikune tena. Jana yake ilikuwa Ijumaa.

Sijui wewe ulikulia nyumba gani. Yetu ilikuwa kijijini Gazi, ya udongo na makuti, ya mwisho kabla hujaingia kwenye mikoko. Maji yakikupwa, harufu ya tope ilifika hadi jikoni. Upande wa pili wa uzio alikaa fundi cherehani, na mashine yake tuliisikia kutwa, kama tulivyoisikia bahari, bila kuisikiliza.

Baba alikuwa mpiga gitaa. Kabla sijapata akili alipiga na bendi katika hoteli moja ya Diani, wanaume sita waliovaa mashati ya maua. Kisha hoteli ikamleta kijana mmoja na mashine yake ya kanda, bendi ikaambiwa isirudi. Baba akaliuza gitaa akaenda machimboni kukata mawe ya kujengea. Sikupata kumsikia akiyalalamikia mawe. Alichokilalamikia ni muziki. "Nyimbo za siku hizi hazina wenyewe," alikuwa akisema. "Kila mtu anapiga kelele yake."

Kwa hiyo Ijumaa ilikuwa siku yake. Hakwenda machimboni. Akitoka msikitini tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na saa nane kamili alifungua redio yetu ya betri sita iliyokaa dirishani, kwa kipindi cha nyimbo zilizopendwa. Nusu saa ya kwanza nitaikumbuka hadi naingia kaburini. Baba aligonga meza kwa vidole vyake vilivyopasuka, akatufundisha: sikilizeni, hapa gitaa la pili linaingia, hapa besi inamwitikia. Mdogo wangu wa kiume alicheza hadi anaanguka. Nilimpenda sana baba yangu katika nusu saa ile, na sioni haya kusema.

Lakini nyuma ya nyumba alikuwa na dumu lake la tembo la mnazi, na kila wimbo ulimpeleka huko mara moja. Kufikia saa tisa uso wake ulikuwa umekwisha kubadilika. Hapo ilitosha chumvi kupungua, au mama kuchelewa kuitika. Baba hakuanzia kwa mama. Alianzia kwenye redio. Aliinuka, akazungusha sauti hadi mwisho, ukuta ukatetemeka, kisha akaingia jikoni. Mimi nilimkumbatia mdogo wangu uvunguni mwa kitanda nikamziba masikio. Mama aliuma leso yake asilie. Mtangazaji aliendelea kuwatumia watu salamu, huyu wa Lunga Lunga, yule wa Msambweni, na cherehani ya jirani haikusimama. Ilizidi kwenda mbio.

Nilikuwa darasa la saba alipokuja mama wa utafiti. Alikuwa mwanamke wa makamo, na mkoba ulimning'inia begani. Alimwambia baba kwamba nyumba yetu imechaguliwa kwa utafiti wa redio. Alitoa daftari dogo ambalo kila siku ilikuwa na ukurasa wake, na kila robo saa kijisanduku chake: nani alisikiliza, stesheni gani. Tulitakiwa kulijaza kwa juma moja. Kwa madaftari kama hayo, alisema, ndipo wenye redio hujua vipindi gani vina watu. Kisichokuwa na watu huondolewa.

Baba alikaa wima. "Huyu binti yangu ndiye ataandika. Ana hati nzuri."

Yule mama akanigeukia. "Andika kilichotokea, mwanangu. Usiandike unachodhani tunakitaka."

"Na Ijumaa usije ukasahau," baba akaongeza. Nilimwona amefurahi kama mtu aliyeitwa tena jukwaani.

Nililiandika daftari lile kama kazi ya mwalimu. Ijumaa ilipofika nilijaza saa nane, nikajaza na robo, nikajaza na nusu, watu wanne. Saa tisa kasoro robo mama aliunguza wali uliokuwa umebaki motoni. Baba akaongeza sauti. Kwa kawaida alitumia mikono au mkanda. Siku hiyo alichukua mchi wa kinu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, nikaona. Alimpiga mgongoni, mama akaanguka, akainua mkono kujikinga, na pigo la pili likaushukia mkono. Redio ilikuwa juu mno, hata hivyo nikausikia mfupa. Sina njia nyingine ya kulieleza hilo.

Baadaye, baba alipokwisha lala, nilimsaidia mama kuufunga mkono kwa vijiti na leso. Kisha nikachukua daftari. Kijisanduku cha saa tisa kasoro robo kilikuwa tupu, na nilikuwa nimeambiwa niandike kilichotokea. Nikaandika: "Redio iko juu. Hakuna anayesikiliza. Baba anampiga mama kwa mchi. Mkono umevunjika."

Jumatatu alasiri mama wa utafiti alirudi kulichukua. Baba alikuwa barazani akinywa chai, nami nimesimama kando. Nilimwona mgeni akifungua kurasa, kidole kikishuka polepole, kikasimama. Hakubadilisha uso. Aliomba maji ya kunywa, akasema usijisumbue baba, nitayafuata mwenyewe jikoni. Huko alimkuta mama, akakaa kidogo. Alipotoka alituaga kwa adabu akapita uzio kuelekea kwa fundi cherehani.

Baba alimtazama hadi akapotea. "Kwa nini amekaa jikoni na mama yako?"

Akanigeukia.

"Umeandika nini?"

Nilikuwa nimelelewa kutomdanganya mzazi. Nikamwambia, neno kwa neno. Aliweka kikombe chini, akanishika shingo akanibana ukutani, miguu yangu ikaachana na ardhi. Siku hiyo redio ilikuwa imezimwa. Nilisikia pumzi yake, nikasikia mdogo wangu akipiga ukelele, na nikasikia mama akija. Alikuja na mkono mmoja. Aliing'oa redio dirishani akampiga nayo kichwani. Baba aliniachia akageuka, akapigwa tena usoni, betri zikatawanyika sakafuni. Akakaa chini. Damu ilimtiririka hadi kwenye shati.

Fundi cherehani na mama wa utafiti waliingia pamoja. Fundi alisimama kati ya baba na sisi, mkasi mkononi. Alimwambia mama bila kumtazama, "Nisamehe, dada. Miaka yote tulikuwa tunasikia. Tukijiambia ni redio."

Mama hakumsamehe wala hakumtukana. "Nishikie watoto," alimwambia, "nikachukue nguo zetu."

Mama wa utafiti alichana ukurasa wa Ijumaa akamkunjia mama ndani ya kiganja. "Mpe chifu. Daftari lililochanwa kwetu halihesabiwi, lakini acha lisihesabiwe." Kisha akanishika kichwa, akaondoka. Sikumwona tena.

Chifu aliusoma ukurasa ule. Baba alilala korokoroni siku kadhaa, na alipotoka akaamriwa asikanyage Jego, kwa bibi mzaa mama, tulikohamia. Mkono wa mama uliunga vibaya. Hadi leo hauwezi kubeba ndoo.

Hazikupita siku nyingi nikatumwa dukani pale Jego, Ijumaa mchana, nikasikia stesheni ileile ikipiga muziki mpya, vijana wawili wakicheka kwa zamu. Mwenye duka aliniambia kipindi cha zilizopendwa kimeondolewa, ati wasikilizaji wamekuwa wachache. Nilirudi nyumbani nikilia, bila sukari niliyotumwa. Niliamini ni mimi niliyekiua. Watu wanne hatukuhesabiwa kwa sababu ya maneno yangu, na baba alikuwa amenyang'anywa muziki mara ya pili. Nilibeba jambo hilo hadi nikawa mtu mzima. Nasikia naye huko machimboni alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mwanawe ndiye aliyefunga kile kipindi. Alikufa akisema hivyo. Nilikwenda matangani, nikapika na wanawake wengine, nikalia pia, kwa nusu saa ile.

Nyumba ya Gazi imekwisha bomoka. Bendi za pwani zilizopiga mahotelini, sijui hata moja iliko. Mwezi uliopita nilikuwa Jego kwa mama, tunaambua kunde, mwanangu akafungua wimbo wa kale kwenye simu yake. Nikanyoosha mkono niuzime. Mama akasema, "Acha. Huu niliuimba arusini, kabla ya kuolewa. Mimi ndimi niliyeongoza wanawake wote wa hapa."

Nilimtazama kana kwamba ni mgeni. "Mama, wewe uliimba? Mbona hukuwahi kutuimbia?"

"Sauti yangu ingesikika wapi, mwanangu?"

Nilimwomba aimbe. Alisafisha koo, akaanza ubeti wa kwanza, sauti nyembamba yenye kukwaruza, akafika katikati akasimama. Alifumba macho akitafuta. "Maneno yamepotea," akasema, na akavuta ungo wa kunde karibu.