Kozi wa Kwenye Boneti

Gereji nzima ilimwita Pilipili, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Muuza rangi aliyewahi kumletea kopo lililochanganywa na petroli alitoka getini mbio, kiatu kimoja kikabaki ndani. Mnyoosha bodi, mzee mwenye mabega ya kubebea injini, akimwona tu amekunja uso alihamishia nyundo zake uani. Mtu mmoja peke yake hakuwahi kuionja pilipili hiyo, na ndiye aliyeistahili kuliko wote: kaka yake.

Kaka ndiye aliyekuwa na gereji. Baba yao alipofariki, funguo zilikwenda kwake bila mjadala, na bomba la kupulizia rangi likabaki mkononi mwa dada, kwa kuwa kaka hakujaliwa mkono. Alijaliwa mdomo. Mteja akiingia, kaka alimkalisha na kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka akaacha gari. Kazi ikiharibika, na mara nyingi iliharibika kwa sababu kaka hakuweza kukaa bila kutia mkono, alisema kwa sauti ya msibani, "Fundi wangu ameteleza kidogo." Na fundi wake, macho chini, alijibu pale pale, "Ni mimi. Nitarekebisha."

Mama yao ndiye aliyemlea hivyo. "Mstahi kaka yako, mwanangu. Ukimvua nguo mbele za watu, umetuvua sote." Basi akamstahi. Alimstahi mpaka taya zikamuuma kwa kusaga meno. Mimi ningekuwa yeye ningeshamrushia kopo zamani.

Ndipo akaja mpiga muziki wa sherehe, jina lake la jukwaani Kozi, na gari lake refu jeusi. Alitaka ndege wa jina lake achorwe kwenye boneti, mabawa wazi, na awake. Taa hakutaka, wala karatasi ya kubandika. Alitaka rangi yenyewe iwake kwa umeme. "Hiyo tunafanya kila siku," kaka akasema, na uso wake mkavu kabisa, hali hajawahi hata kuisikia.

Aliyekwenda kuitafuta ni Pilipili. Aliagiza makopo, akajifunzia kwenye mlango wa gari bovu, akipaka, akibandua, akipaka tena. Rangi hiyo ni tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa ipo inayopitisha umeme, juu yake inayouzuia, kisha ile inayowaka. Ya mwisho inapitisha umeme tena, nayo ni nyembamba na angavu kama ute wa yai. Waya mbili huingia pembeni kutoka kwenye kisanduku kilichofungwa karibu na betri. Ukiikwangua ile ya juu, umeme haufiki, na usipofika hapo panakuwa giza. Ndiyo maana hufunikwa kwa vanishi, koti baada ya koti, na kila koti hungojewa likauke.

Siku ule mlango mbovu ulipowaka samawati, Pilipili alikaa sakafuni akacheka peke yake. Kisha akamwendea kaka. "Kaka, hii nimeifanya mimi. Siku ya kukabidhi gari, nataka mteja aambiwe hivyo."

"Kwani nani amekataa, dada yangu?"

Hakuomba kingine. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amejulikana kwa makosa yasiyo yake. Alitaka mara moja ajulikane kwa kitu alichokifanya.

Boneti ilikuwa imepata koti la kwanza la vanishi siku mama alipotakiwa kupelekwa hospitali ya macho. Zamu ilikuwa ya kaka. Kaka akasema ana mteja. Pilipili akameza mate, akavua ovaroli, akaenda yeye. Kabla ya kutoka alisema wazi, mnyoosha bodi akisikia, "Boneti isiguswe. Imefifia kwa sababu haijakwisha." Kaka aliitikia kwa kichwa bila kuyaondoa macho kwenye simu.

Aliporudi, alikuwa amemshika mama mkono, maana dawa waliyomtia machoni ilimfanya aone ukungu mtupu. Alimkalisha kwenye benchi nje ya chumba cha kupulizia. Turubai la mlangoni lilikuwa limeshushwa. Akalisogeza, akaingia gizani, na wakati huo huo kaka, mwenye gari akiwa kando yake, akabonyeza swichi.

Bawa la kushoto liliwaka vizuri mno, unyoya kwa unyoya. La kulia lilikuwa limejaa maduara meusi, yamepandiana kutoka begani hadi ncha, na katikati ya kifua palikuwa na shimo la giza la ukubwa wa sahani. Pembeni, juu ya meza, ilikaa mashine ya kung'arishia, pedi yake ya manyoya imejaa vumbi jeupe. Pilipili hakuhitaji kusimuliwa. Mteja amekuja kuchungulia, ameona boneti imefifia, amekunja pua. Kaka, ambaye hawezi kuvumilia pua ya mteja ikunjwe, ameisugua mpaka mtu angeweza kujitazama humo akanyoa ndevu.

"Huyu si kozi," mteja akasema polepole. "Huyu ni kuku aliyenyonyolewa akaachwa nusu."

"Usijali, bwana," kaka akasema, na ile sauti ya msibani ikaja yenyewe. "Dada yangu huyu hapa ameteleza kidogo. Rangi mpya hizi, mkono wake haujazizoea."

Mteja akageuka. "Ni wewe?"

Damu ilimpanda Pilipili mpaka masikio yakamziba. Alimtazama kaka yake, naye hakuwa hata na wasiwasi. Alikuwa anangojea tu.

"Si mimi," akasema. "Tazama hayo maduara. Mimi nasugua kwa mkono, na mkono unakwenda mstari mmoja. Kinachozunguka ni mashine. Muulize nani ameishika leo."

Mteja akamtazama mnyoosha bodi kwenye kona. Mzee akakohoa. "Mimi ni nyundo tu," akasema, na macho yake yakaenda kwa kaka yakakaa huko.

"Unanivua nguo mbele ya mteja?" kaka akafoka.

"Umejivua mwenyewe. Na taa umewasha mwenyewe. Umeniharibia kazi niliyoihangaikia mpaka vidole vikachubuka, halafu unasimama hapa unanisingizia, na mimi nimetoka kufanya zamu yako hospitali. Huna haya."

Nje ya turubai mama akasema, "Mwanangu, yaishe."

"Hayaishi, mama," Pilipili akajibu. "Nimeyamaliza mara ngapi? Leo hayaishi."

Mteja akajikuna shingo. "Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Inakwanguliwa yote mpaka chini, naanza upya."

"Basi kuanzia sasa naongea na wewe," mteja akasema, akaketi juu ya kopo tupu kama mtu asiye na haraka.

Kaka, kwa kutaka kujikosha, akanyoosha mkono kuichukua mashine. Pilipili akachomoa waya ukutani. Akajaza ndoo maji, akaitua miguuni pa kaka, akamwekea kipande cha msasa kiganjani.

"Kwa mkono," akamwambia.

"Mimi?"

"Wewe. Mstari mmoja, usizungushe."

Kaka alitazama turubai kama mtu anayengoja kuitwa na mama, na upande ule kimya. Akainama. Alisugua mpaka jasho likamdondoka puani, tai yake ya shingoni ikatumbukia ndani ya ndoo, na kila aliponyanyua kichwa alimkuta dada yake amesimama pale pale, mikono kiunoni, uso haujalegea hata kidogo.

"Bado," akamwambia.