Bati Lililong'olewa Mama Apigwe Picha

Enzi zetu pale Gatitu, miaka ya mwanzo ya uhuru, picha haikupigwa hivi hivi. Ulioshwa, ukapakwa mafuta mpaka ukang'aa kama andazi, ukavikwa sweta ya Krismasi, ukapelekwa studio mjini Nyeri, na huko ukaambiwa usicheke. Vijana wa leo wanajipiga hata wakitafuna chapati, taa ya duara ikiwamulika usoni, kisha wanafuta kwa kuwa pua haikukaa vizuri. Sisi pua zetu tulizikubali.

Lakini Mama hakuweza kufika studio. Kifua kilikuwa kimemla akabaki mifupa, na kitinda mimba wetu, Kariuki, hata kutembea alikuwa hajaanza. Mama alitaka jambo moja tu: mtoto huyo akikua, aijue sura ya mamake.

Baba akamleta nyumbani mpiga picha, Bwana Wekesa, mtu wa magharibi mwa Kenya aliyekuwa na studio ndogo mjini. Nyumba yetu ilikuwa na kidirisha kimoja, na kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi. Balbu za flashi za siku hizo kila moja iliwaka mara moja tu ikafa, na bei yake hatukuiweza. Basi Baba akapanda juu ya nyumba na nyundo, akang'oa bati moja. Mwanga wa Julai ukaingia pamoja na baridi yote ya mlimani.

Wekesa akachungulia kwenye kamera, akatikisa kichwa. "Mwanga ya juu inachimba macho, Mama Wangari. Utatoka kama mgonjwa."

"Basi fanya vile unajua," Mama akasema. "Huyu mtoto asikuje kuniona ati nikiwa mgonjwa."

Wekesa akaomba shuka mbili nyeupe. Moja akamtandikia Mama mapajani, nyingine tukaishika mimi na dada yangu Wangari chini kidogo ya kamera, ili mwanga urudi juu ujaze mashimo ya macho na mashavu. Nikaona uso wa Mama wa zamani ukirudi. Nilifurahi, nikaogopa pia, kwa sababu nilijua ni shuka tu.

Kwa mwanga ule hafifu kamera ilihitaji muda, kwa hiyo Wekesa akamwomba asitikisike, asikohoe. Mama akafunga mdomo, akatulia. Kamera ikalia. Baada ya hapo alikohoa mpaka jioni, Baba akiwa juu anapigilia bati.

Picha ilipoletwa tulikuwa tumeshamzika. Shangazi alishikilia kwamba baridi ile ndiyo iliyommaliza.

Kariuki sasa ni babu. Picha ameitundika sebuleni kwake Chaka, na huwaonyesha wajukuu wasioinua macho kwenye simu. "Ona vile mama yangu alikuwa na afya," huwaambia. "Hata sijui kifo ilimtoa wapi." Simkosoi. Wajukuu wana picha nyingi kuliko zote ambazo ukoo wetu ulipata kupigwa, na wakizifuta leo watapiga zingine kesho. Sisi tuna hiyo moja. Yeye akiitazama anaona mama mzima. Mimi naona mtu anayezuia kikohozi.