Baharia Aliyekwea Mnazi Kimya

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Buota, kisiwani Tarawa. Wanawake wawili wanaochota maji kisimani wanasikia mtu akiimba juu ya vichwa vyao. Wanakaza nguo zao kifuani na kuendelea na ndoo. Ndiyo kazi ya wimbo huo. Mgema akiwa juu huona kila ua na kila anayeoga, kwa hiyo huimba, walio chini wajue yupo.

Huko juu, Biribo Kaitu, mwenye miaka hamsini na mmoja, ameukumbatia mnazi kwa miguu. Anafungua chupa iliyojaa, anapunguza ncha ya karara, shina la maua linalotoa tembo, kwa kisu chake cha kotama, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, kisha anafunga chupa tupu. Miti sita, asubuhi na jioni. Karara likikosa kukatwa siku chache hukauka, na tembo hukoma.

"Sauti yake kama mlango wenye bawaba mbovu," anasema mkewe, Meere, akipepea moto. "Lakini inasikika. Inatosha."

Kwa miaka ishirini na tatu haikusikika. Biribo alihudumia injini za meli za mizigo za kigeni. Kila mwezi alituma nyumbani dola mia sita, na mkataba ukiisha alikuja likizo ya miezi miwili, akaondoka tena. Katika watoto wao wanne, ni mmoja tu aliyezaliwa baba akiwepo.

"Nilizoea kuolewa na karatasi ya benki," Meere anasema. "Mwenyewe nilimjua kwa simu."

Miaka minne iliyopita mkataba wake haukufanywa upya. Kampuni ilipunguza watu, ikaanza na wenye mvi. Akiba ilikuwa imekwisha kwenye ada na harusi ya binti mkubwa. Nyumba imekaa kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe. Biribo hakuwa na mtumbwi wala wavu, na kugema hakujua. Baba yake alizama baharini kabla ya kumfundisha, na kazi hiyo hafundishwi mtu wa nje ya nyumba.

"Nilikuwa nakaa," anasema. "Nakaa tu. Jua likihama, nahama nalo. Mchana nakunywa tembo lililochacha. Watoto wakitaka kitu wananipita, wanamwuliza mama yao. Hawakuwa na ubaya. Ndivyo walivyozoea."

Mgema wa nyumba alikuwa baba mkwe wake, mzee Tiaeke, mwenye miaka sabini na moja. Biribo alishamwomba mara mbili amfundishe.

"Wewe mtu wa injini," mzee alimjibu. "Mnazi hauna kitufe."

Agosti mwaka jana goti la mzee likavimba, hata kusimama asiweze. Nyumbani kulikuwa na mjukuu wa miezi tisa, ambaye mama yake amekwenda Australia kuchuma matunda, na mtoto huyo alizoea tembo tamu, lisilochacha bado, lililozimuliwa kwa maji. Siku mbili zikapita bila kugema. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Alfajiri ya siku ya tatu Biribo akachukua kotama bila kumwambia mtu, akakwea. Kimya.

Hakufika hata kileleni. Upande wa pili wa uzio wa makuti, mwanamke jirani, Tokaata, alikuwa anaoga.

"Nani huyo juu?" akapiga kelele. "We mzee wa meli! Bandari zote zile hukushiba kutazama, umekuja kumalizia kwangu?"

Watu walicheka, lakini jambo lenyewe si la mzaha. Anayekwea kimya huhesabiwa mchunguliaji, na anaweza kukatazwa kugusa mnazi tena. Jioni hiyo Biribo aliitwa kwenye maneaba, jengo la baraza la kijiji. Humo kila ukoo una mahali pake, na mkwe hukaa nyuma ya watu wa mkewe. Akakaa huko nyuma, macho kwenye mkeka.

"Kwa nini hukuimba?" wazee wakamwuliza.

Nyimbo za kugemea ni mali ya ukoo, na mtu haimbi wimbo ambao hakupewa. Yeye hakupewa hata mmoja. Angesema hilo pale, angekuwa anamshtaki mkwewe mbele ya kijiji.

Aliyesema ni mzee Tiaeke mwenyewe, aliyeletwa amebebwa kitini.

"Hakuimba kwa sababu hana wimbo. Hana wimbo kwa sababu mimi nilimnyima. Nilisema huyu ataondoka tu, wa nini kumpa? Kosa ni langu. Mkeka wa faini nautoa mimi."

Tokaata akakohoa. "Basi mpe wimbo mrefu, Tiaeke. Anakwea polepole mno."

"Njiani kurudi alilia," Meere anakumbuka. "Tangu tuoane sikuwahi kumwona akilia. Nikatangulia kidogo, asione haya."

Mzee alimpa wimbo, na kwa miezi mitatu alimfundisha akiwa amelala mkekani chini ya mti, akipaza sauti: funga, legeza, lipinde taratibu, usilivunje. Biribo alianguka mara moja, akavunjika kidole. Leo miti sita inatoa lita nane kwa siku. Linalobaki nyumbani Meere hulichemsha likawa asali nzito, wakapata kama dola arobaini kwa wiki. Hazifiki hata theluthi ya alizokuwa akituma.

Mei mwaka huu wakala wa meli alipiga simu: nafasi moja, mkataba wa miezi kumi. Biribo akaenda jikoni.

"Wananitaka. Unasemaje?"

Meere akaacha kukoroga. "Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza."

"Mbona zamani ulikuwa unaniambia tarehe tu?"

Kesho yake Meere alimwambia abaki, na paa la jikoni livuje mwaka mmoja zaidi.

Sasa Biribo anachimba mashimo nyuma ya nyumba. Anapanda minazi minne, ambayo huenda ikawa tayari kugemwa baada ya miaka sita au saba, yeye akikaribia sitini.

"Nimezoea kuhesabu miezi kumi kumi," anasema. "Miaka hii nataka niihesabu nikiwa hapa."

Meere anatoka jikoni, anayatazama mashimo.

"Minne haitoshi," anamwambia. "Mmoja utaliwa na nguruwe. Panda mitano, baba watoto."