Kamera Niliyomchagulia Mume Wangu

Mume wangu hakuwa mtu wa ndege. Naanza na hilo ili msinione mwanamke wa wivu wa bure. Miaka ishirini na mbili tuliyoishi pamoja Lubumbashi, ndege aliyemjua vizuri ni kuku, na huyo kuku mwenyewe alimjua akiwa kwenye sahani, kando ya bukari, ugali wetu. Kazi yake mgodini ilikuwa kupanga mawe yaliyochimbwa, kuyapiga picha moja moja na kuyaandikia namba. Jioni anarudi, ananawa, anakula, analala. Mtu wa namna hiyo siku moja anakwambia ataanza kutoka alfajiri kwenda kuangalia ndege. Wewe ungefanya nini? Ungepiga makofi?

Ulikuwa mwaka wa kufungwa kwa migodi. Bei ya shaba ilianguka, na mabwana wageni wenye viwanda vya kuyeyusha mawe wakaanza kupotea mmoja mmoja. Wafanyakazi walifika asubuhi wakakuta geti limefungwa kwa mnyororo na mlinzi hajui kitu. Watu walisema magari ya mabwana hao yalipita Kipushi na kuvuka mpaka, yamejaa hadi juu. Halafu zikaja habari za kaskazini, upande wa Mitwaba, kwamba kuna watu wenye silaha wanashuka kuja mjini. Bariyeri za askari zikawekwa barabarani. Kila mtu alianza kumtazama jirani yake kwa jicho la pembeni, anauliza huyu alitoka wapi na anaenda kwa nani.

Mimi nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, na mtu niliyemtazama kwa jicho la pembeni ni mume wangu.

Maana alibadilika. Kampuni yake ilipofunga alikaa majuma mawili kwenye kiti, hasemi. Baadaye akaanza kuamka kabla ya jogoo, anachukua baiskeli, anaondoka. Nilipomuuliza, alijibu bila kunitazama.

"Ninaenda ku Kafubu. Kuona bandege."

"Ndege gani?"

"Bandege tu, mama. Beko mingi."

Anakaa huko mtoni mpaka jua lipande, halafu anaenda moja kwa moja kwenye geti la kampuni, kusubiri na wenzake kutwa nzima kama kuna habari ya malipo yao. Hivyo ndivyo alivyosema. Jirani yangu, mjane wa Kikasai aliyeuza vitenge, hakungoja nimwombe maoni.

"Madame, bwana mwenye hana kazi, anavaa shemizi ya safi, anaenda kuona bandege? Aka! Ile ndege iko na miguu mbili na inajua kupika."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Hapa kwetu mwanamke wa pembeni tunamwita biro ya pili, yaani ofisi ya pili, kwa sababu mwanaume huaga kwamba anaenda kazini. Wa kwangu hakuwa na kazi tena, kwa hiyo ilibidi atafute neno jingine, na neno lenyewe ni ndege. Nilikuwa na uhakika huo. Usiku nililala nimemgeuzia mgongo, roho inaniuma, nataka kujua jambo moja tu: bado nina mume au sina.

Basi siku aliposema anataka kununua kamera, nilishangaa jinsi nilivyokubali haraka. Alisema macho yake hayatoshi, ndege wanakaa mbali, anataka kuwaona karibu. Mimi nilifikiri kitu kingine. Kamera ni shahidi. Nikasema, "Twende wote, baba. Nitakusaidia kuchagua." Alifurahi sana, masikini, kama mtu aliyeongezewa mshahara.

Tulienda kwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini, mlokole, aliyekuwa na duka la jumla la redio na taa. Mabwana wageni walipokimbia, yeye alinunua vitu walivyoacha kwenye nyumba zao: feni, friji, simu, na kamera tatu zilizopangwa juu ya kaunta kwenye kitambaa cheupe. Niliziangalia kwa mashaka tangu mlangoni. Kitu kilichoachwa na mtu anayekimbia kina sababu ya kuachwa.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, bapa, nyekundu. Mume wangu aliishika kwa adabu, akaelekeza kwenye bango la duka la ng'ambo ya barabara, akavuta karibu.

"Hapana," alisema. "Hii inavuta kwa uongo."

"Uongo namna gani?" niliuliza. Neno hilo lilinigusa.

Akanieleza. Kuna kamera inayovuta kwa kioo chenyewe kutoka nje, kama darubini, na hiyo inaona kweli. Nyingine haivuti kitu, inakata picha katikati na kuitanua, na ndege anabaki madoa. Alinionyesha herufi za bango zimekuwa ukungu mtupu. Nilimwangalia mume wangu anavyojua kutenganisha kweli na uongo, nikasema moyoni, yangu macho.

Ya pili ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye lenzi ya kubadilisha, ndefu kama chupa ya bia. Hiyo aliipenda. Aliipiga, ikalia *kwacha!* mpaka mteja wa pembeni akageuka. Nikaichukua, nikaimulika kwenye mwanga wa mlango. Ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyeupe, ukungu unaota kama kwenye mkate.

"Muzee," nikamwambia muuzaji, "hii ina ugonjwa."

"Mama, hiyo inafutika."

"Kwa kidole gani? Iko ndani."

Na hata bila ugonjwa, nilimwambia mume wangu, ukipita nayo bariyeri ya barabara ya Kipushi askari watasema umebeba bunduki. Hilo lilikuwa kweli na alilikubali, ingawa uso wake ulianguka.

Ya tatu ilikuwa ya kati. Lenzi yake haitoki, lakini inajivuta yenyewe mbele, kwa kweli, si kwa uongo. Bango la ng'ambo lilisomeka mpaka namba ya simu. Haikulia. Ilikula betri nne za kawaida, zile za redio, na kwetu ambako umeme ulikuwa unakuja kama mgeni, hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mimi nilichokipenda ni kitu kingine. Chini ya picha, pembeni, iliandika kwa rangi ya machungwa tarehe na saa. Nililinganisha na saa ya ukutani. Ilikuwa sawasawa.

"Hii," nikasema.

"Ju ya betri?" mume wangu akauliza.

"Ndiyo. Kwa ajili ya betri."

Akanishika bega mbele ya muuzaji, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawafanyi dukani. "Bibi yangu iko na akili," alimwambia yule mlokole. Nikaona haya kidogo, lakini kidogo tu. Alilipa kwa pesa yake ya mwisho kutoka kampuni, na nikamwomba kitu kimoja: ile tarehe isizimwe kamwe, ni nzuri kwa kumbukumbu.

Akaanza kuleta picha. Mama yangu! Sikutegemea. Kulikuwa na nkulukulu, yule ndege wa rangi ya zambarau mwenye kishungi chekundu, amekaa juu ya kichuguu kama mkubwa wa mtaa. Kulikuwa na korongo amesimama majini kwa mguu mmoja. Kulikuwa na kale kandege ka buluu kanakopiga mbizi, kameshika samaki. Kila jioni, kabla ya giza, alikaa kando yangu na kunionyesha kwenye kile kioo kidogo, anaeleza huyu alifanya nini, yule alimfukuza nani. Sauti yake ilirudi. Na mimi, badala ya kumtazama ndege, nilisoma pembeni.

Tarehe ilikuwa sawa kila siku. Saa ndiyo iliyonikata maini. 12:07. 12:31. 13:15. Siku nyingine, 12:04, 12:40. Kila ndege alipigwa picha adhuhuri.

Lakini adhuhuri mume wangu anasema yuko kwenye geti la kampuni! Nikapiga hesabu kama mwalimu. Kama mtoni anaenda adhuhuri, basi alfajiri, anapotoka nyumbani na shati lake safi, analala wapi? Sikumwambia kitu. Nilikusanya. Nilikuwa naandika saa zake nyuma ya daftari la maandalio ya masomo, na kila mstari ulinipa uchungu na raha pamoja. Nasema ukweli: kulikuwa na raha ndani yake, ya kujua kwamba sikukosea.

Juma la tatu walimkamata. Alipita kwenye bariyeri asubuhi akitoka mtoni, siku ambayo hakupata ndege wa kupiga picha, askari wakafungua mfuko, wakakuta kamera. Usiku uliopita kulikuwa na habari kwamba watu wa Mitwaba wana wapelelezi mjini. Mwenzake wa kazi ndiye aliyekuja shuleni kuniita. Nilifika katika ofisi ya askari nikiwa bado na chaki mikononi. Mume wangu alikuwa amekaa sakafuni, bila viatu, bila mkanda. Aliponiona aliinua kichwa, na uso wake ukafunguka kabisa. Nauona mpaka leo.

Mkubwa wao alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Aliweka kamera mezani.

"Madame, bwana yako anasema anafika mtoni alfajiri, jua likipanda anatoka. Picha zinasema adhuhuri. Ukivuka mto kidogo kuna ghala letu la silaha. Adhuhuri ndiyo saa tunabadilisha walinzi. Sasa wewe muke yake, utuambie. Adhuhuri anakuwaka wapi?"

Nilijua jibu la kumwokoa. Mke yeyote angelijua: anatoka alfajiri, ni mwendawazimu wa ndege, hiyo mashine ina kasoro, mwacheni. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini majuma matatu ya mistari nyuma ya daftari yalinipanda kooni, na nilichosema, mbele yake, ni hiki:

"Hata mimi ninajiuliza hivyo hivyo."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Yule mkubwa aliandika kitu kwenye karatasi na kuniambia naweza kwenda.

Nilitoka, nikaenda dukani kwa yule mlokole nimejaa hasira, maana nilitaka mtu wa kugombana naye. Nikamwambia kamera yake imemtia mume wangu kifungoni kwa ajili ya saa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mama," akauliza, "ile mashine mnaitoaka betri?"

"Kila jioni. Ninaziweka kwenye redio tusikie habari. Asubuhi anazirudisha."

"Basi ni hiyo. Imeshazeeka, ukiitoa betri inasahau. Ukizirudisha inaanza upya, na inaanziaka 12:00. Inakuomba tarehe na saa."

Nikakaa kwenye gunia la mchele. Kila asubuhi, gizani kule mtoni, mume wangu alikuwa anaandika tarehe upya kwa sababu mimi niliomba tarehe. Saa hakuijali, nani anahitaji saa ya ndege? Na mkono uliokuwa unatoa zile betri kila jioni, mkono uliomtengenezea uongo wote ule, ulikuwa huu wangu. Na mimi ninafundisha biolojia! Vivuli katika picha zile vilikuwa virefu, vimelala chini kama vivuli vya asubuhi. Nilikuwa nasoma pembeni tu.

Yule mlokole alifunga duka mchana ule, Mungu ambariki, akaja nami. Mbele ya mkubwa wa miwani alitoa betri nne, akaziacha mezani muda mrefu, akazirudisha. Dirisha lilikuwa tayari na mwanga wa jioni. Kwenye kioo kidogo ikatokea 12:00. Yule mkubwa alicheka, akaita watu waje waone. Lakini ile karatasi yenye maneno yangu ilikuwa imeshapelekwa juu, na karatasi ikipanda haishuki upesi. Mume wangu alilala huko siku nne.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, baiskeli haikupatikana. Nilitembea nyuma yake nikieleza betri, redio, saa, nikiomba msamaha, nikilia mbele za watu bila haya. Alisimama mara moja tu, karibu na soko.

"Baaskari balinishuku ju habanijue," alisema, taratibu, bila hasira. "Na weye?"

Akageuka, akaendelea kutembea.

Hakuniacha. Migodi ilifunguliwa tena, alipata kazi, watoto wamekua. Bado anaenda Kafubu siku za mapumziko, na kamera nyingine aliyojichagulia mwenyewe. Akirudi ananisalimu vizuri, anakaa upande wa pili wa meza, anaangalia picha zake peke yake, na wakati mwingine namwona anatabasamu. Namwambia, baba, nionyeshe na mimi. Anaizima.

"Ni bandege tu, mama," ananiambia.