Mtani Wangu Alipogeukia Ukuta

Watu wakijua kwamba nilicheza mpira wa kikapu kwa kulipwa, huniuliza maswali mawili. La kwanza, una urefu gani. La pili, imekuwaje sasa unauza mbao Makambako. La kwanza huwa najibu. La pili hunipandisha hasira, kwa sababu mbao ni kazi halali na magoti yangu yamekwisha. Mlitaka nicheze mpaka nizikwe na jezi? Hakuna anayeniuliza habari za watu niliocheza nao, na hao ndio ninaowakumbuka kila siku. Vikombe sijui hata viko wapi.

Nitamsema mmoja tu. Alikuwa gadi wetu, yule anayeuleta mpira kutoka nyuma na kuamua apewe nani. Kwetu tulimwita mfupi, ingawa mtaani kwao alikuwa anainama kila mlango. Yeye ni Mbena wa Njombe. Mimi ni Mngoni. Baba yangu alitoka Songea kuja kufanya kazi ya reli Makambako, akaoa, akajenga, hakurudi. Kwa hiyo mimi na huyu bwana ni watani. Babu zetu walipigana wakachoka, wakatuachia sisi wajukuu ruhusa ya kutukanana bila mtu kununa.

Tulikutana sekondari, kwenye uwanja wa vumbi, asubuhi za Njombe ambazo mpira ukiudaka unakuuma viganja kwa baridi. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia miguuni kwenda juu, akawaambia wenzake, "Huyu mtumwa wangu alipotea siku nyingi, kumbe yuko hai." Nikamwambia babu yake alijificha kwenye mianzi babu yangu alipopita, na ukoo wao haujatoka humo mpaka leo. Tukawa marafiki hapo hapo. Tulikwenda Dar es Salaam pamoja, tukasajiliwa klabu moja, tukakaa chumba kimoja miaka kumi na moja.

Alikuwa na mdomo yule mtu, jamani! Mechi ikianza tu, anaanza na mimi. "Kimbia we Mngoni! Babu yako alikimbia na ngao na mkuki, wewe kaptula tu imekushinda?" Nilikuwa nakimbia kwa hasira na kwa furaha, vyote pamoja, na nikifika chini ya kikapu nakuta mpira umeshafika. Alijua nitakuwa wapi kabla mimi mwenyewe sijajua.

Mwaka mmoja tuliletewa kocha kutoka nje ya nchi. Kiswahili alikijua cha kutosha kuelewa tusi, lakini hakikutosha kuelewa utani. Akatutenganisha vyumba. Akaitisha kikao cha kutupatanisha, na senta wetu, Mnyakyusa mmoja mkubwa na mpole sana, akacheka mpaka akadondoka kwenye benchi. Kocha akaona tunamdharau, akapiga marufuku matusi uwanjani. Mechi iliyofuata tulicheza kimya kama tuko ibadani na tulikuwa tunafungwa vibaya mno. Wakati wa mapumziko kocha alikaa, akajikuna kichwa, akamfuata gadi wetu akamwambia, "Haya, mtukane." Kipindi cha pili tulipunguza pengo kidogo.

Lakini siri ya utani haiko kwenye kucheka. Baba yangu alipofariki, mtani wangu alikuja Makambako na basi la kwanza. Mama alikuwa hajala siku mbili, amekaa kwenye mkeka haongei na mtu. Yule bwana hakumpa mtu pole. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti la kazi la baba na kofia yake, akaanza kutembea uani kama baba, mguu nje nje, akikagua waombolezaji kama mabehewa na kuwafokea kwamba wamechelewa dakika nne. Jeneza lilipotaka kutoka alijilaza mlangoni. Akasema mtumwa wake haendi popote mpaka familia imkomboe kwa kuku. Mama alicheka. Alicheka akilia, halafu akaomba uji. Mimi nilisimama pale nikamwangalia yule mtu nikasema moyoni, huyu nitamlipa nini.

Basi. Mwaka jana mkewe alinipigia simu. Mtani wangu alikuwa amepata kiharusi, presha ilimpanda akiwa shambani kwake kwenye parachichi. Upande wa kulia ulikuwa umelegea, na mdomo ulikwenda pembeni. Hospitali walimtibu wakamruhusu. Kwa fimbo aliweza kusimama, na maneno yalikuwa yanatoka, ila taratibu na yamepinda. "Tatizo hataki," mkewe aliniambia. "Hataki kusimama, hataki kusema, hataki kuonekana. Mtaalamu wa mazoezi amesema asipotembea miezi hii mguu utakakamaa moja kwa moja. Shemeji, njoo."

Nilikwenda siku iliyofuata. Njia nzima, kutoka Makambako mpaka Njombe, nilikuwa natunga matusi. Nilikuwa nayo kama sita hivi, mazuri kabisa.

Nikaingia chumbani. Alikuwa amelala kitandani, blanketi mpaka kifuani, mkono wa kulia ameuweka juu ya tumbo kama kitu cha mtu mwingine. Mkono ule! Ule uliokuwa unapitisha mpira kati ya watu watatu bila wao kujua. Matusi yote yaliniruka. Nilikaa kwenye kiti, nikamshika bega, nikasema, "Pole sana, ndugu yangu."

Ndugu yangu! Miaka thelathini na kitu sijawahi kumwita hivyo. Aliniangalia mara moja, halafu akageukia ukuta. Akina mama wa jumuiya walikuwepo, wakaanzisha sala, nami nikainamisha kichwa, nikasali kwa sauti ya huzuni. Saa nzima hakugeuka.

Wakati wa kuondoka nilipitia jikoni kumuaga mkewe. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua hata macho.

"Shemeji, nikuulize kitu," alisema. "Umeshamzika?"

"Shemeji, maneno gani hayo?"

"Pole zimejaa humu ndani hata pa kukaa hakuna. Mchungaji analeta pole, majirani wanaleta pole, watoto wakipiga simu ni pole baba. Mimi nilimpigia mtani. Sasa wewe uliyekuja ni nani?"

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nilitoka bila kunywa chai yake, na mpaka napita mashamba ya chai nje ya mji nilikuwa nabishana naye peke yangu kichwani. Anataka nimtukane mgonjwa? Akidhurika nani atalaumiwa? Nilipofika nyumbani hasira ikawa imegeuka imenielekea mwenyewe. Yule bwana alilala mlangoni mbele ya jeneza la baba yangu, mbele za wazee, bila kuogopa lawama ya mtu. Mimi niliogopa mdomo uliopinda.

Baada ya wiki mbili nilirudi. Ilikuwa Juni, baridi ya Njombe ile ambayo hata ukiongea moshi unatoka. Sikupiga hodi ya kistaarabu. Niligonga mlango kwa ngumi.

"Nimekuja kuchukua mtumwa wangu! Yuko wapi yule mvivu?"

Akina mama wa jumuiya walikuwepo tena. Mmoja, mtu mzima, alisimama akanizuia kwa mkono. "Baba, taratibu. Humu kuna mgonjwa."

"Kamwene, mama," nilimwamkia kwa Kibena. "Mgonjwa yuko wapi? Mimi namwona Mbena amelala mchana. Hao si ndio walivyo? Sisi Wangoni tuliwakimbiza, wakaingia ndani, mpaka leo wanaogopa kutoka."

Yule mama alinikazia macho. Halafu nikaona uso wake unabadilika. "Kumbe Mngoni," alisema, akaketi, akajiziba mdomo na ncha ya kitenge.

Kitandani, mtu alikuwa amegeuka. Hakuwa anatabasamu, la hasha. Alikuwa ananitazama kwa hasira ya kweli, na mimi niliogopa, kwa sababu nilikuwa najua habari ya presha yake. Lakini nilikuwa nimeshaanza. Nikachukua sahani yake ya viazi kwenye stuli, nikala kimoja, nikamwambia havina chumvi. Nikala cha pili. Kisha nikaliona koti lake limetundikwa nyuma ya mlango, koti zito la sufu analovaa kwenda shambani. Mtani ana haki ya kuchukua kitu cha mtani wake, kila mtu anajua. Nikalitungua.

"Hili naondoka nalo. Mtu wa kushinda ndani koti la nini?"

"We... ka," alisema.

Lilikuwa neno la kwanza analoniambia tangu augue. Lilitoka limevimba, kama mtu mwenye ugali mdomoni. Nilitamani kupiga magoti. "Sisikii," nilisema.

"Weka!"

Nililivaa. Mikono yake iliniishia karibu na viwiko, na mgongoni nikasikia uzi unakatika. "Limenikaa vizuri sana. Ukilitaka nifuate getini. Ila najua hutanifuata. Wabena mnajisifu mna adabu, kumbe mgeni anaondoka kwenu bila hata kusindikizwa! Nitakwenda kuitangaza stendi."

Nikatoka chumbani, polepole. Nyuma yangu nikasikia kitanda kinalia, kisha fimbo inagonga sakafu. Mkewe alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Akataka kukimbilia chumbani, nikamtikisia kichwa. Sijui nilipata wapi ujeuri ule. Angeanguka pale, mpaka leo nisingejisamehe.

Alitokeza sebuleni. Fimbo mbele, mguu wa kushoto, halafu anauvuta ule wa kulia. Mimi nilikuwa narudi kinyumenyume namtazama, niko tayari kumdaka, na mdomo wangu haukunyamaza. Nilimwambia hata kobe wa Songea wana haraka kuliko yeye. Nilimwambia babu yake angemwona angehamia kwetu kwa aibu. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile.

Mlango wa nje alisimama. Hapo ndipo palikuwa pagumu, niliona. Kutoka pale mpaka getini si hatua ishirini, lakini nje kuna barabara, na barabarani kuna watu waliomjua akiwa na miguu miwili na mdomo mmoja. Tangu augue hakuna aliyemwona nje. Aliushika mwimo wa mlango. Macho yalimjaa maji. Mimi matusi yakaniishia, nikamwambia ukweli tu. "Mimi uso wako nimeshauona. Ni mbaya, na ulikuwa mbaya tangu sekondari. Sikuja kuuangalia huo. Nimekukosa wewe, bwana. Nimekukosa sana."

Alivuta pumzi, akautoa mguu wa kulia nje.

Sijui tulitumia muda gani uani. Mara mbili aliyumba, na mara ya pili nilimkamata kiunoni, akanisukuma kwa kiwiko nimwachie. Nikamwachia. Tulipofika getini alijiegemeza kwenye nguzo, akanyoosha mkono wa kushoto, nikavua koti nikamvalisha. Akina mama wote walikuwa wametoka mlangoni, mkewe katikati yao.

Ndipo akapita jirani, mzee mmoja na baiskeli yake, kabeba gunia la viazi. Alipomwona alisimama ghafla. Akavua kofia. Akaweka sauti ile ya msibani, akasema, "Loo! Pole, baba. Pole sana, jamani. Mungu yupo."

Nikamwangalia mtani wangu. Nilijua kama angeinama pale, basi, tungemrudisha ndani na asingetoka tena. Midomo yake ilianza kuhangaika. Ilihangaika mno, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na yule mzee akataka kumsaidia neno, nikamzuia kwa mkono.

"Pole..." alisema, akapumzika. "Pole... mpe... huyu." Akaninyooshea fimbo kifuani. "Amezaliwa... Mngoni."

Mzee alibaki na kofia mkononi, hajui kama anaruhusiwa kucheka. Nyuma yetu mkewe alipiga kigelegele. Mimi nilianza kumtukana pale pale, yeye na babu yake na ukoo wake wote mpaka waliobaki kwenye mianzi, huku machozi yananitiririka barabarani mbele za watu, na yeye alikuwa ameegemea nguzo, midomo inacheza, ananisubiri nimalize ili anijibu.