Mamba Alifoka, Murray Akatabasamu

Mamba alifoka nyuma ya mgongo wa Murray Tranter, na Murray akaendelea kutabasamu kwenye kamera.

Si kufoka kwa utani. Jike mwenye mayai, mdomo wazi, sauti kama tairi la lori linalotoa upepo. Mimi niliyekuwa mbali, hedifoni kichwani, nilishachagua mti wa kupanda.

Murray wapi! Anaeleza jinsi jike anavyojenga kiota kwa majani, taratibu, kama mama anayeelekeza mapishi.

Kipande kile kiliporushwa, Australia nzima ikachanganyikiwa. "Huyu mzee hana woga!" Hapa kwetu Innisfail, mji wa miwa na mvua, watoto wakaanza kuigiza barabarani. Mmoja mamba, mwingine Murray.

Naitwa Renzo. Kwenye kipindi chake cha wanyama nilikuwa mtu wa sauti. Kazi yangu ilikuwa kumbandika Murray maiki kifuani, kusikiliza, na kunyamaza.

Hiyo ya tatu ilinishinda siku ya kwanza.

Porini tulikuwa watatu tu: mimi, Murray na Bev, mama wa kamera. Huyo ndiye bosi wetu, mdomo wake kisu cha bucha.

"Renzo," ananiambia, "mamba akikula atakutapika. Maneno yako hayasagiki tumboni."

Tunacheka. Murray naye anacheka, ila anachelewa kidogo. Kama mtu anayesubiri wenzake waanze ndipo naye aingie.

Nilidhani ni mapozi ya ustaa. Mjini nao walisema hivyo hivyo. "Anaringa yule. Unamsalimia, hageuki." Baa haji. Simu hapokei. Ukimpigia, anakuandikia.

Sasa, sisi watu wa sauti tuna mila yetu. Tukimaliza kazi mahali, kabla ya kufungasha, napaza sauti: "Kimya cha mahali!"

Kila mtu anaganda alipo. Narekodi ukimya wa pale: maji, wadudu, upepo. Bila huo, wanaounganisha picha hawana cha kuzibia nyufa. Nikitosheka nasema, "Haya, pumueni."

Siku hiyo tulikuwa kando ya mto. Murray alikuwa ametugeuzia mgongo, anatazama maji.

"Haya, pumueni."

Bev akaanza kukunja miguu ya kamera. Mimi nikakusanya nyaya. Tukapeleka mizigo kwenye boti, tukarudi kuchukua mingine.

Murray bado kaganda. Mikono ubavuni, shingo imenyooka, kama mlingoti usio na bendera.

Nikajua ananilipizia utani. Nikasimama nyuma yake. "Mzee, suruali imechanika. Tunaona mpaka utoto wako."

Kimya.

"Mzee, nyoka mguuni."

Kimya.

Mtu mzima, anayejulikana nchi nzima, amesimama peke yake anatii ukimya uliokwisha zamani. Wala hajui kwamba wenzake wameondoka.

Nikamzunguka. Akaniona. Akaona mizigo botini. Uso ukamshuka.

"Tangu lini?" nikamuuliza, polepole, asome midomo.

"Sikio la kulia lilikufa zamani. Miaka yote ile niliyofanya kazi kwenye helikopta, kelele juu ya kelele. La kushoto linamfuata ndugu yake." Akamtupia jicho Bev kule botini. "Usimwambie, kijana. Nakuomba."

"Yule jike angekutafuna!"

"Najua. Nilimwona kwenye runinga, kama watu wengine."

Akacheka. Mimi nikashindwa, na mimi ni mtu wa kucheka hata msibani.

"Mke aliniacha akaenda Perth kitambo," akasema. "Watoto hatukujaliwa. Nikiwa nanyi nakaa mahali watu wanapocheka, hata kama sijui wanacheka nini. Nikitoka hapa narudi kwenye nyumba ambayo mtu akiniita sitamsikia. Afadhali mamba."

Nikabeba begi langu.

Kumbe wakubwa wa kituo kule Brisbane walishalewa ile klipu. Amri ikaja: rudini kwenye kile kiota, na safari hii Murray asogee zaidi.

Tukarudi. Murray akajiweka mahali pake, kiota nyuma, kamera mbele.

"Sauti?" Bev akaita.

Kwenye hedifoni, jike alishaanza kufoka.

Hapa mjue jambo moja. Mtu wa sauti akisema kuna kelele, hakuna wa kumbishia, maana ni yeye tu anayesikia kinachoingia. Nikainua mkono.

"Helikopta inapita."

Tukasubiri.

"Sauti?"

"Bado helikopta."

Bev akainua macho. Mbingu nyeupe, hata kunguru hakuna. "Renzo, hiyo helikopta inatembea kwa miguu?"

"Ya mizigo, mama. Nzito."

"Sauti?"

"Inarudi. Nadhani wamesahau kitu."

Murray alikuwa anatazama midomo yetu, mmoja baada ya mwingine. Akanikazia macho.

"Renzo. Kuna helikopta?"

Nikijibu ndiyo, labda atakufa. Nikijibu hapana, narudisha mtu kwenye nyumba yake tupu.

"Hakuna, mzee. Kuna jike nyuma yako. Anafoka tangu usimame hapo."

Bev akatoa jicho kwenye kamera.

Murray akasogea pembeni, hatua ndogo ndogo, mpaka akawa mbali na kiota. Kisha akamwambia Bev, "Rekodi."

Akaitazama kamera. "Mnaniita jasiri. Jasiri ni yule anayesikia, kisha akabaki. Mimi sikusikia. Ni kiziwi."

Ikarushwa hivyo hivyo. Watu wakalia, wakamsifu. Watu wa bima nao waliangalia, na hao hawakulia. Kipindi kikafa.

Bev akahamia kupiga picha za harusi. Mimi nikaingia kiwanda cha sukari. Murray akaenda nyumbani.

Nikimwandikia, jibu ni moja: "Niko salama." Siku moja nikamuuliza kama watu wanamtembelea.

"Tangu nitoke kwenye runinga hajakanyaga mtu. Siwalaumu."

Jumapili nikaenda.

Nyumba yake ni ya kizamani, ya mbao, imesimama juu ya nguzo, ngazi mbele na ngazi nyuma. Nikapanda ya mbele. Nikagonga. Nikagonga tena. Kupitia dirishani nikamwona jikoni, kanipa mgongo, kikombe mkononi.

Nikatazama chini.

Mfuko wa mapesheni yaliyosinyaa. Keki ya ndizi iliyokwisha kuwa mji wa sisimizi. Picha ya mtoto, mtu na mamba wameshikana mikono, imewekewa jiwe isipeperuke. Boksi la pai ya nyama, juu yake mwandiko wa Bev: "Nimegonga mpaka mkono umevimba. Kama hutaki kuniona si useme, mzee jeuri!"

Hapo nikaelewa.

Murray huegesha gari chini ya nyumba, hupanda kwa ngazi ya nyuma. Mlango wa mbele hakuwa na haja nao. Watu walikuja, wakagonga, wakasubiri, wakaondoka wakisema anaringa. Naye ndani akasema wamemsahau.

Nikazunguka nyuma. Nikaingia, nikapiga mguu sakafuni. Mbao zikatetemeka, akageuka.

"Renzo! Umefika sasa hivi?"

Nikamshika mkono mpaka mlango wa mbele. Ulikuwa umekaza. Tukausukuma kwa mabega.

Akasimama pale kizingitini. Akainama, akaokota ile picha ya mtoto, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Walikuja?"

"Walikuja, mzee."

"Wote hawa?"

"Na wengine waliokuja mikono mitupu."

Akaketi kwenye ngazi ya mbele, macho barabarani. Hakukuwa na mtu anayepita. Akakaa hivyo hivyo.

Ndugu zangu, nina moja tu la kuwaachia. Ukigonga kwa mpweke usifunguliwe, usiondoke na hasira.

Zunguka nyuma.