Mbao Nne za Ghala la Bumbire

Sema bibi amezeeka, cheka ukitaka. Hili nililiona mimi, saa nane mchana, jua kali, nyumbani kwangu Kaagya, na pombe ya rubisi sikuwa nimeonja hata tone.

Mjukuu wangu Koku, niliyemsomesha kwa kahawa ya mikono hii, anashika kompyuta kwa mkandarasi. Kwenye kila ujenzi, Kashai mjini, hapa Kaagya na kisiwani Bumbire, mtunza ghala huandika vifaa vilivyotumika. Koku anakaa tu, anauliza kwa mtandao, maghala yanamjibu. Njia hiyo anaiita API. Mimi naona ni kama kuita mtu ng'ambo ya bonde: ukiita mmoja, anajibu mmoja.

Muganyizi, mtunza ghala wa Bumbire, mtumbwi ulimpindukia ziwani. Maiti haikuonekana. Lakini kila Koku akiuliza Bumbire, jibu ni lile lile: mbao nne zimetumika leo, kaandika Muganyizi. Mfu anaandika! Bosi akamwambia Koku, "Futa uongo huo kabla ya Ijumaa, au uache kazi." Mimi nikasema hakuna wa kufuta.

Basi mchana ule Koku yuko ndani, mimi barazani. Mwanamume akaingia uani, nguo zinachuruzika maji. Mvua iko wapi?

"Kasinge, Bibi," akanisalimu kwa Kihaya.

Nikampa kiti na kahawa ya kutafuna, kama apewavyo mgeni yeyote. Akaishika tu kiganjani.

"Hutafuni? Meno umeazima?"

Hakucheka. "Mwambie mjukuu wako asiulize Bumbire peke yake. Aulize kazi zote za ujenzi, kwa jina la Muganyizi."

Nikageuka kumwita Koku. Kutazama tena, hakuna mtu. Kiti kimelowa.

Niamini, nikaita kama wa ng'ambo ya bonde. "Koku! Uliza kazi zote, jina Muganyizi!"

"Bibi, huku Kaagya hajawahi kufanya kazi."

"Uliza, wewe!"

Akauliza. Kashai kimya. Bumbire, mbao nne. Kaagya: turubai moja, limetumika kufunika, kwenye matete ya ziwani.

Tukashuka ziwani na majirani. Maiti ya Muganyizi ilikuwa pale, chini ya turubai la bluu. Nani alimfunika? Hajajitokeza mtu hadi leo.

Mama yake alimzika kwa jeneza la mbao kibanjani kwao, kwenye migomba, Muleba, na mbao nne hazikuandikwa tena. Koku bado yupo kazini. Mimi upande ule wa ziwa sishuki, hata kuni ziniishie.

Nawe unayetunza kumbukumbu za watu, jina la marehemu likikujia usiwe mwepesi wa kufuta. Huenda kuna mama bado hana kaburi la kulilia.